Namna ya kuwashika mkono wafanyakazi wako gonjwa likiingia: anza na saa ya kurudi nyumbani

Haya naandika kwa mtu ambaye ana watu chini yake. Supavaiza wa duka, meneja wa hoteli ndogo, matroni wa kliniki, mwenye godauni, yeyote ambaye asubuhi kuna watu wanamwangalia yeye ndio wajue leo itakuwaje. Mimi kipindi cha korona nilikuwa supavaiza kwenye duka kubwa la vyakula hapa Mombasa, na sisi wa vyakula hatukufunga, wengine wakiambiwa wakae nyumbani sisi tulikuwa kaunta tunashika noti za watu. Nilichokiona pale ni kwamba mawazo ya mfanyakazi wakati wa gonjwa mengi yanaanzia kwa vitu vitatu, nitafika nyumbani vipi, nikiugua nitalipwa au la, na huyu bosi anatwambia ukweli au anatuficha. Ukimletea mtu mshauri wa mambo ya akili na hayo matatu hujayagusa, atamsikiliza kwa heshima tu huku anaangalia saa.

Na msiseme korona imeisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, sawa, lakini Septemba 2024 Rwanda ilipata homa ya virusi vya Marburg na wengi waliougua walikuwa wahudumu wa afya, yaani watu waliokuwa kazini, na hapa kwetu mpox, ile ndui ya nyani, ilionekana mara ya kwanza Taveta mpakani Julai 2024. Kwahivyo yafaa ujipange sasa ukiwa umetulia.

Kwanza usafiri na shifti

Hapa ndio nitakaa sana manake hapa ndio watu waliumia na mabosi wengi hawakuona.

Tarehe 27 Machi 2020 ndio kafyu ya kwanza ilianza Kenya, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Watu waliotoka kazini kisiwani wakakimbilia feri ya Likoni, foleni ikawa kubwa, na polisi wakawapiga watu na vitoza machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Nchi nzima iliona zile video. Sasa fikiria wewe ni dada wa kaunta unakaa Likoni, umeona yale, na kesho yake bosi anakwambia duka litafungwa saa kumi na moja jioni, tukimaliza kuhesabu pesa mtaondoka. Huyo dada kuanzia saa nane mchana akili yake haiko kwa kazi tena. Atarudisha chenji ya makosa, atamjibu mteja vibaya, alafu utasema ana mtazamo mbaya.

Juu ya hapo matatu ya watu 14 ilikuwa inaruhusiwa kubeba 8 tu, nauli ikapanda, na kituoni unaachwa na gari ya kwanza na ya pili na ya tatu. Alafu mwezi wa nne serikali ikafunga kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, kutoka na kuingia marufuku, Kwale na Kilifi mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai, na mfanyakazi anayekaa Mtwapa akajikuta yuko kaunti nyingine na kazi yake iko kaunti nyingine. Mtwapa hapo, daraja tu linatutenga.

Kwahivyo fanya hivi. Chukua karatasi moja, andika kila mtu na mtaa anaokaa, anapanda nini kuja, gari ngapi, na inamchukua muda gani siku mbaya sio siku nzuri. Usikisie, muulize mwenyewe, manake wengine walihama kimyakimya juu ya kodi na wewe bado unajua anakaa Tudor. Ukishaipata hiyo karatasi panga shifti kwa mitaa, usipange kwa idara. Wa Likoni na wa mbali watoke mapema, saa nane au tisa, wa karibu wa Majengo na Bondeni ndio wabaki kufunga. Najua utaniambia keshia wote watatoka pamoja utabaki na wapanga rafu. Ndio maana siku zile za mwanzo, kabla mambo hayajabana, unawafundisha wapanga rafu wawili watatu kushika kaunta. Wao pia wanafurahi, ni ujuzi wanapata.

Ukipanga kwa mitaa unapata faida nyingine, watu wa njia moja wanarudi pamoja. Wanawake hasa hili liliwasaidia sana, barabara zilikuwa tupu na giza linaingia. Alafu ukigawa kundi A na kundi B ambao hawakutani kabisa, hata chai wanakunywa saa tofauti, mmoja akiugua hupelekei duka zima karantini. Kitu cha kuangalia hapo ni dakika za kupokezana, hapo ndio makundi huchanganyika, wanasalimiana wanapiga stori mlangoni. Acha nusu saa katikati, tumia hiyo nusu saa kupangusa kaunta na mashine.

Nauli ya ziada usiiweke kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, mpe kila siku au kila wiki. Mtu anayepata mshahara mdogo hana akiba ya kukukopesha nauli mwezi mzima. Mwaka 2020 kutuma pesa mpaka shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa bure mpaka mwisho wa mwaka, kwahivyo nauli ilitumwa jioni kabla ya kesho yake na mtu analala akijua atafika kazini. Na kila mmoja awe na barua yenye muhuri inayosema ni mfanyakazi wa huduma muhimu na shifti yake inaisha saa ngapi. Barua iwe na namba ya simu ambayo mtu atapokea, sio namba ya ofisi iliyofungwa saa kumi.

Pesa, na siku za kuugua

Sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili alafu 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Sasa karantini ilikuwa siku 14. Piga hesabu mwenyewe, mtu akisema tu ninakohoa, wiki ya pili anaingia nusu mshahara, na kama mwezi wa pili alishaugua malaria basi hana kitu. Wewe ukiwa na watoto watatu na kodi tarehe tano ungesema unakohoa? Ungemeza dawa uje kazini uvae barakoa unyamaze. Hiyo ndio njia ugonjwa unaingia dukani, na yule anayeficha anaishi na hofu mbili, hofu ya ugonjwa na hofu ya kugundulika. Tanzania sheria yao ya ajira ya 2004 iko mbele kidogo hapa, ni siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwetu huku lazima bosi mwenyewe aamue kuongeza.

Ushauri wangu ni ulipe zote 14 kamili, kwa aliyepimwa akapatikana na hata kwa yule ambaye alikuwa karibu naye anaambiwa akae nyumbani. Na utangaze mapema mbele ya watu wote kabla hata hakujatokea mgonjwa. Nenda na hesabu kwa mwenye mali, mwonyeshe wiki mbili za mtu mmoja ni shilingi ngapi, alafu mwonyeshe siku mbili za duka kufungwa ni shilingi ngapi. Mwenye mali anaelewa hesabu.

Kama biashara inaanguka kweli na hamna budi kupunguza, sema mapema na useme kwa mdomo wako, usitume meseji ijumaa jioni. Kubadilisha mshahara wa mtu kunataka umshirikishe na umwandikie, na kumpunguza mtu kazini kunataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwake, au kwa chama chake, na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya. Watu wengi 2020 waliambiwa tu nenda nyumbani tutakuita. Wengine hawakuitwa, na walikaa miezi na miezi hawatafuti kazi nyingine kwasababu wanasubiri simu. Kumwacha mtu akining'inia hivyo ni ukatili, na heri ukamwambia wazi hakuna kazi mpaka mwezi fulani, hii hapa barua yako ya utumishi, jaribu kwengine.

Walinzi na wasafishaji wa kampuni ya nje nao ni watu wako. Yule mlinzi wa mlangoni ndiye alikuwa anapima kila mteja joto na kumpulizia sanitaiza, uso kwa uso kutwa nzima, na kwenye orodha ya barakoa jina lake halipo ati ni wa kampuni. Mpe barakoa, chakula cha mchana na taarifa sawa na wengine. Akiugua yeye mnaugua nyote.

Na kama uko hospitali au kliniki, haya ya pesa zidisha mara mbili. Daktari Stephen Mogusu alifariki Desemba 2020 kwa korona, miaka 28, na chama cha madaktari cha KMPDU kilisema alikuwa hajalipwa miezi mitano na hana bima. Hakuna semina ya kupunguza mawazo ambayo ingemfaa kijana yule kuliko mshahara wake na kadi ya bima.

Waambie ukweli, kila siku, saa ile ile

Wakati ule kila alasiri watu walikuwa wanazunguka simu moja kumsikiliza waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akitaja idadi. Baada ya hapo inaanza WhatsApp, tangawizi na limau, mvuke, ati hospitali fulani wanaficha maiti. Ukinyamaza wewe, grupu litaongea badala yako.

Dakika tano mwanzo wa shifti zinatosha, watu wamesimama nje penye upepo. Sema kimebadilika nini tangu jana, sema duka limeamua nini, na kama hamjaamua sema hatujaamua, alhamisi nitawaambia, na alhamisi ikifika useme hata kama jibu ni bado. Hilo la mwisho ndilo linajenga imani, mtu akiona uliahidi alhamisi na alhamisi umesimama pale. Mtu mmoja ndiye aongee, sio meneja aseme hivi na mhasibu aseme vile.

Kitu ambacho usitaje kamwe ni nani anaumwa. Sema kuna mmoja wetu, waliokuwa karibu naye tumeshawaambia, basi. Unyanyapaa ulikuwa mkali kuliko watu wanavyokumbuka sasa, mtu anarudi kutoka karantini akiwa mzima kabisa na wenzake wanamsogezea kikombe chake pembeni. Siku anarudi, wewe supavaiza simama naye kaunta, ongea naye mbele ya watu, kaeni mnywe chai mkiwa mumeachana ile mita ya kukaa mbali mbali. Wengine watakuiga wewe.

Mfiwa

Hili watu hawalizungumzi kwenye miongozo na mimi naona ni kubwa. Aprili 2020 kuna yule mfanyakazi wa bandari alizikwa usiku kule Siaya bila jeneza, picha zilizunguka kila mahali, na dukani kwetu nilisikia watu wazima wakisema mimi siogopi kufa, naogopa kuzikwa vile. Alafu mazishi yakawekewa watu 15 tu, na aliyeko Mombasa mama yake akifariki bara hawezi kutoka bila kibali, na kibali kikija mazishi yameshapita.

Kwahivyo mfanyakazi akifiwa na hawezi kusafiri, mpe siku zake za msiba vile vile. Usimwambie si huendi, njoo tu kazini ujishughulishe. Mfiwa aliyebaki mjini amelemewa kuliko aliyezika, hakuona, hakutupa mchanga, hakulia na wenzake. Changeni kama kawaida yetu na pesa zitumwe bara, na mtu mmoja amfikishie rambirambi kwa sauti, ampigie, sio kuandika pole kwenye grupu. Kwa wenzetu Waislamu kuna dua, kwa Wakristo kuna maombi ya jioni, muulize angependa nini alafu mpeane nafasi, hata chumba cha stoo kikipangwa vizuri kinatosha watu watano waliokaa mbali mbali. Arobaini ikifika mkumbuke. Andika tarehe kwenye kalenda yako wewe mwenyewe.

Kuongea na mtu ambaye hayuko sawa

WHO wana mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011 ambao kiini chake ni vitendo vitatu, angalia, sikiliza, unganisha. Hauhitaji kuwa daktari.

Kuangalia ni kujua mtu wako akiwa sawa yuko vipi. Aliyekuwa anacheka amenyamaza, kaunta ya mtu haikuwa na upungufu sasa kila jioni kuna shilingi mia mbili hazionekani, mtu anaumwa kichwa kila jumatatu, mtu anakaa stoo muda mrefu, mtu harudi nyumbani shifti ikiisha. Hiyo ya mwisho iangalie kwa makini sana. Watu walifungiwa nyumbani na waume wanaowapiga, na kazini ndio mahali pekee pa kupumua. Kenya namba 1195 ni bure saa zote kwa wanaopigwa au kudhulumiwa nyumbani, ibandike kwenye mlango wa choo cha wanawake kwa ndani, pale mtu anaweza kuinakili bila kuonekana.

Kusikiliza, mtoe pale kaunta. Kaeni nje, simu yako iweke mfukoni. Sema kitu kama, mama fulani, nimekuona wiki hii hauko sawa, sio mambo ya kazi, nataka tu kujua unaendeleaje. Alafu nyamaza. Atakwambia niko sawa. Usiondoke hapo hapo, kaa kidogo, mara nyingi jibu la kweli linakuja baada ya lile la kwanza. Ukisikia usikimbilie kumwambia jikaze wote tuko hivyo hivyo, na usimwambie tu mwachie Mungu ukaishia hapo. Mungu yupo na sisi wote tunamtegemea, mwombee kabisa, lakini ukishaomba kuwe na kitu umekifanya wewe, umembadilishia shifti, umempa advansi, umempa siku mbili alale.

Kuunganisha ni kujua pa kumpeleka. Msalaba Mwekundu Kenya wana namba 1199, ya bure. Kama kuna mtu anasema maneno ya kutotaka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumwekei hilo wazo kichwani, na usimwache peke yake siku hiyo, mpeleke hospitali wewe au ndugu yake. Tafuta mapema hospitali ya karibu yenye daktari au muuguzi wa afya ya akili, uwe na jina na simu kabla hujahitaji.

Wateja nao watawatukana watu wako, hasa juu ya barakoa. Kanuni iwe ya duka, iandikwe mlangoni na sahihi ya meneja, na keshia asibishane na mteja hata kidogo, anakuita wewe. Wewe ndiye utatukanwa, hiyo ndiyo kazi ya supavaiza.

Kwa wanaofanyia kazi nyumbani nina machache manake sio uwanja wangu. Walipie bando, msiwapigie baada ya saa kumi na moja jioni, na mama mwenye mtoto wa shule nyumbani msimlazimishe awashe kamera. Shule zilifungwa Machi 2020 na wote kurudi ilikuwa Januari 2021, kwahivyo huyo mama alikuwa na kazi mbili muda wote huo, na hiyo Januari ndio mwezi wa kumpa advansi ya karo bila kumzungusha.

Gonjwa likipungua

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 na watu walishangilia, lakini wengi walianguka baada ya hapo. Mtu aliyekaza mwaka mzima na nusu akilegeza ndio mwili unadai. WHO walieleza uchovu wa kazi kuwa na dalili tatu, mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake au kuichukia, na kuona hafanyi kitu cha maana tena. Ukiona hizo kwa mtu ambaye alikuwa mzuri kipindi kigumu usimwandikie barua ya onyo. Mpe likizo.

Sheria inasema siku 21 za kazi kwa mwaka na wengi hawakuzichukua, kwahivyo toa orodha, anza na waliokuwa mlangoni na kaunta, waende kwa zamu, na wewe supavaiza uwe kwenye orodha hiyo hiyo kwa tarehe, usijiweke mwisho ati ukipata nafasi. Kuna atakayekataa kwenda. Muulize kwa upole ni kwanini, mara nyingi anaogopa akienda atakuta nafasi yake imechukuliwa, aliona yaliyowapata wale walioambiwa tutakuita. Huyo mwandikie kwenye barua ya likizo tarehe ya kurudi na shifti yake atakayoingia siku hiyo, weka sahihi na muhuri, ampe mumewe aione au mkewe, alafu aende.